Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wapo hapa Nairobi watu wanaopenda vyombo vikuukuu vya kijeshi: magari, spea zake, makopo ya petroli, kofia za chuma na vyeti vya utumishi. Magari wanayoyafufua hayapiti bila kutazamwa kwenye maonyesho ya magari ya kale katika uwanja wa mbio za farasi wa Barabara ya Ngong. Wengi huwadhania kuwa watu wenye wakati wa kuchezea. Mimi, ambaye taaluma yangu ni isimu, naona kazi yao ni usomi hasa. Ila ni usomi wa nusu, na nusu iliyosalia inawangoja walimu na wanafunzi wetu.

Tuchukue jerikeni. Ni nadra kukuta nyumba Kangemi au Kawangware isiyo na jerikeni la plastiki la kutekea maji. Asili yake ni chuma cha vita. Wajerumani walilibuni mnamo 1937 ili jeshi lao libebe petroli, lita 20 kila moja. Waingereza, ambao makopo yao ya bati yalivuja ovyo katika jangwa la Afrika Kaskazini, waliyateka yale ya adui na kuyaiga. Askari wao walimwita Mjerumani "Jerry", na jina likaganda.

Mjuzi akiliona la chuma kwenye rundo la vyuma chakavu, hutazama vishikio vitatu vya juu, kifuniko cha kubana kisichozungushwa, na mwaka uliopigwa chapa. Akikuta herufi W na D na mshale katikati yake, hutambua kuwa ni mali ya Idara ya Vita ya Uingereza. Alama hizo chache humtosha kusimulia safari ya chombo kizima.

Neno nalo lina chapa yake. Debe lilitujia kutoka India; jerikeni likatujia na jeshi. Chuma kimegeuka plastiki, ila lita 20 zimebaki, na jina limebaki. Vivyo hivyo Karioko ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam: yote mawili yametokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, "Carrier Corps". Tazama kwamba ile p na ile s za mwisho, ambazo huandikwa bila kutamkwa, hazipo. Neno hilo lilipokewa kwa sikio, si kwa karatasi. Hali kadhalika "Keya", jina la askari wa K.A.R., jeshi lililoundwa mwaka 1902, ni herufi tatu za Kiingereza zilizoyeyushwa kinywani mwa Waswahili.

Hapa ndipo ninapotaka tutie nanga. Spea ya gari ilipewa nambari ili isipotee ghalani. Mpagazi naye alipewa nambari, lakini jina lake likapotea. Sanamu za Barabara ya Kenyatta, zilizozinduliwa mwaka 1928, zinamwonyesha mpagazi akiwa pamoja na askari, ila hakuna jina hata moja la mpagazi lililochongwa pale. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waama, mali bila daftari hupotea bila habari; seuze mtu!

Na daftari lililobaki linazidi kuliwa. Chapa husagwa kwa msasa ili gari lipakwe rangi mpya. Chuma huuzwa kwa kilo na kuyeyushwa. Vyeti vya babu huwashia jiko. Mafundi wazee wa jua kali wanaoijua kila spea kwa jina lake la mitaani huzikwa pamoja na msamiati wao, kwa kuwa wakusanyaji wengi hutafuta nambari peke yake.

Walimu wenzangu, hii si kazi ya wageni. Mpe mwanafunzi wako daftari aende kwa mafundi wa Dagoretti Corner na kwa wazee wa kwao. Kila chombo akiandikie mambo manne: chapa zake zote, mahali kilipopatikana, jina kinachoitwa, na mtu aliyekitumia. Kisha alinganishe na majalada ya Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, pale Moi Avenue. Aonywe pia kwamba kitu kinachofanana na bomu hakiguswi. Polisi ndio huitwa.

Chuma kitatueleza kiwanda na mwaka. Neno litatueleza kilifikaje mikononi mwetu. Lakini ni yule mzee tu awezaye kututajia mtu aliyekibeba, na mzee hangoji bajeti ya utafiti.