Land Rover kuukuu Handeni na Korogwe: mtaji masika, mzigo kiangazi

WAFANYABIASHARA wa mazao wanaotaka kuweka akiba yao katika Land Rover ya zamani, hasa ile ya 109, wanashauriwa kupiga hesabu ya mwaka mzima kabla ya kutoa fedha. Gari hilo hulipa vizuri pale ambapo magari mengine hayafiki. Likiletwa kwenye lami kushindana na Canter na Fuso, hula mtaji wa mwenyewe.

Lami imehamisha biashara

Kwa miaka mingi njia ya Korogwe hadi Handeni ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa mvua, na mwenye Land Rover alijipangia bei. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 lami ilikamilika katika kilomita 65 za Korogwe–Handeni na kilomita 54 za Handeni–Mkata, ambako njia hiyo huungana na barabara kuu ya Chalinze–Segera. Tangu hapo mabasi madogo na malori ya kawaida yamechukua sehemu kubwa ya mzigo na abiria.

Kazi ya Land Rover imesogea ndani zaidi. Ipo katika barabara za vijijini za Handeni, katika Kilindi iliyokuwa sehemu ya Handeni hadi 2002, na katika milima ya Korogwe kama Bungu na Vugiri. Kwenye mabonde ya Handeni kuna udongo mweusi unaonata hadi gurudumu linageuka donge. Kule milimani udongo ni mwekundu na huteleza kwenye miteremko. Hata njia zilizojengwa hazina kinga kamili: Oktoba 2019 mvua kubwa ziliharibu madaraja na kukata mawasiliano katika wilaya zote mbili.

Njia inapoharibika, bei ya zao shambani hushuka na bei ya sukari, chumvi na simenti kijijini hupanda. Tofauti hiyo ndiyo bidhaa anayouza mwenye Land Rover. Njia ikikauka, tofauti hupungua.

Misimu haifanani

Hapa ndipo wengi hukosea. Mahindi ya masika huvunwa kuanzia Julai, wakati barabara ni kavu na Fuso linaweza kuingia hadi karibu na shamba. Lori moja hubeba mzigo ambao Land Rover ingeufanyia safari nyingi. Kwa hiyo msimu wenye mahindi mengi si msimu ambao Land Rover ina bei kubwa.

Wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, gari huwa na soko lakini mzigo wa nafaka ni mdogo. Mapato hutokana na bidhaa za maduka, kukodiwa kwa dharura, mazao ya milimani na mzigo wa magulio. Kiangazi gari hubaki na kazi ya kukusanya magunia kutoka mashambani na kuyafikisha pale lori liliposimama. Mnunuzi anayetumia mapato ya Aprili kukadiria rejesho la mkopo atapata taabu ifikapo Agosti.

Hesabu ya mafuta

Land Rover 109 hubeba takriban tani moja. Ukiondoa dereva na utingo, hayo ni magunia 8 au 9 ya kilo 100. Magunia ya lumbesa huharibu hesabu hii mara mbili: mkulima hupunjwa, na springi na ekseli za gari hubeba uzito usiolipiwa.

Injini ya asili ya petroli ya lita 2.25, ikiwa na mzigo kwenye njia mbaya, hutumia lita moja kwa kilomita 5 hivi. Injini ya dizeli ya 300Tdi, iliyoanza kutolewa 1994, yaweza kwenda kilomita 8 kwa lita katika hali kama hiyo. Tuseme gari linakwenda kilomita 80 kwenda na kurudi, safari tano kwa wiki. Hizo ni kilomita 400: lita 80 za petroli, au lita 50 za dizeli. Mnunuzi azidishe kiasi hicho kwa bei kikomo ya mji wake inayotangazwa na EWURA kila mwezi, kisha alinganishe na nauli ya gunia katika njia yake. Injini ya petroli ni rahisi kutengeneza na gari lake huwa la bei nafuu, lakini tofauti ya lita 30 kwa wiki hulipwa bila kukoma.

Kwa sababu hiyo wamiliki wengi wameng'oa injini ya petroli na kuweka dizeli ya Isuzu au Toyota. Uamuzi huo una faida, ila namba ya injini mpya ni lazima iingizwe kwenye kadi ya gari TRA. Gari ambalo kadi yake inasema jambo moja na injini jambo jingine ni vigumu kuliuza, kulikatia bima au kuliweka dhamana benki.

Nini cha kukagua

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam Aprili 1948. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, bodi yake ilitengenezwa kwa bati la aloi ya alumini. Bodi hiyo haishiki kutu kama chuma, na ndiyo inayowadanganya wanunuzi. Chesisi iliyo chini ni ya chuma na huoza, hasa kwa gari lililokaa muda mrefu Tanga mjini au Pangani karibu na chumvi ya bahari. Fundi apige chesisi kwa nyundo ndogo kuanzia nyuma kwenda mbele. Mlio mkavu ni mzuri. Penye mlio mzito au palipopakwa lami nene, pakwanguliwe kwanza.

Jambo la pili ni kujua gari ni la kizazi gani. Magari ya Series, yaliyokoma 1985, yana springi za mabamba na huvuta kwa magurudumu manne pale dereva anapochagua. Kuanzia 110 iliyotoka 1983, ambayo 1990 ilipewa jina la Defender, gari lina springi za koili na huvuta kwa magurudumu manne wakati wote. Series humchosha dereva zaidi, lakini bamba lililokatika hubadilishwa hata chini ya mwembe.

Jambo la tatu ni mkanda wa taimingi. Injini ya lita 2.25 hutumia mnyororo. 200Tdi na 300Tdi hutumia mkanda. Ukikatika gari likiwa njiani, huharibu injini. Muuzaji asiyeweza kueleza ulibadilishwa lini ahesabiwe kuwa hajaubadilisha, na gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei.

Spea na mafundi

Nguvu kubwa ya gari hili ni upatikanaji wa spea. Hadi 2015 kiwanda kilikuwa kimetoa magari milioni 2 ya ukoo huu. Vipuri vingi huingiliana, na sehemu kubwa ya bodi hufungwa kwa boliti. Korogwe ina nafuu ya kuwa kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha: kifaa kilichonunuliwa Kariakoo au Arusha huweza kupakiwa kwenye basi. Aliye Handeni aongeze safari moja, na aliye ndani ya Kilindi aweke akiba ya shafti, bushi na gasketi nyumbani. Hata hivyo spea za bei ya chini mno zisizo za asili zimewatia wengi hasara, hasa katika breki na bearingi.

Bei inatokana na nini

Utengenezaji wa Defender ya zamani ulikoma Solihull, Uingereza, Januari 29, 2016. Defender mpya iliyozinduliwa 2019 haina chesisi ya kujitegemea na hutegemea mno kompyuta, hivyo haichukui nafasi ya 109 kijijini. Aidha, anayeagiza gari kuukuu kutoka nje hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, hali inayoyapa thamani yale yaliyokwisha kusajiliwa nchini. Mpinzani wa kweli ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70. Bei yake ya kununua ni kubwa zaidi, lakini hushika thamani wakati wa kuuza.

Wapo pia wanaonunua Land Rover kwa ajili ya kumbukumbu na utalii, na tamasha la Arusha la Oktoba 2024 lilionesha kuwa wapenzi wa gari hili ni wengi. Hao hutafuta gari lenye injini na sehemu zake za asili. Mwenye 109 iliyotiwa injini ya Isuzu asitegemee bei hiyo.

Kwa ujumla, mfanyabiashara mwenye njia mbaya ya kudumu, mzigo wa kwenda na wa kurudi, na fundi anayemfahamu, anaweza kununua. Kila safari atenge fungu la gereji kabla ya kuhesabu faida. Anayehitaji gari kwa miezi mitatu tu ya masika, ni nafuu akodi la mwenzake na mtaji wake aubakize kwenye mazao.