Sola juu ya gari la safari: faida iko kwenye bawaba

Gari la safari lenye hema juu ya paa halikodishiki kirahisi bila friji, na friji hailali kambini na injini iliyozimwa bila sola. Hilo karakana za Arusha zilishalimaliza. Kinachobishaniwa ni fremu: paneli ilazwe moja kwa moja juu ya keria, au ifungwe kwa bawaba ili iinuliwe kulifuata jua?

Kwa hesabu ya jua tu, ubishi ungeisha asubuhi. Arusha iko nyuzi 3 na ushei kusini mwa ikweta. Hata Juni, jua likiwa limekwenda kaskazini mwisho wake, adhuhuri huwa limeuacha utosi kwa nyuzi 27 hivi, na paneli iliyolazwa hukosa kama asilimia 11 ya mwanga wa moja kwa moja. Berlin mwezi Desemba, paneli hiyohiyo huambulia takriban robo. Huko bawaba ina kazi.

Mfanyabiashara mmoja anayeagiza vifaa na kuvifunga hafichi kwa nini anauza bawaba. Wakodishaji wengi wanaoendesha wenyewe hutoka Ulaya na huja na mazoea ya kwao. Wenye magari wanataka kuwaridhisha. Yeye hushauri mara moja, mteja akishikilia, anamfungia. Paneli yenyewe, anasema, haimwachii kitu. Kinachomlipa ni fremu na ufundi.

Na fremu ndiyo inayomuumiza bandarini. Paneli hupita na msamaha, lakini alumini, bawaba na boliti zisizoshika kutu, kwa maelezo yake, hukadiriwa kama vifaa vya ujenzi. Anadai mizigo miwili inayofanana imewahi kutozwa tofauti. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inasamehe vifaa maalumu vya umeme wa jua na upepo; kipi ni maalumu, analalamika, huamuliwa na aliye zamu.

Ofisa mmoja anayeifuatilia sekta anajibu kuwa msamaha umefanya kazi, na anataja bei za paneli zilivyoporomoka. Zimeporomoka kweli, hadi chini ya senti 15 za dola kwa wati kiwandani mwaka 2024. Ila zimeporomoka dunia nzima, viwanda vya China vilipozalisha kupita mahitaji. Kuhusu boliti, ofisa hakuwa na la kusema.

Mafundi wana hofu nyingine. Barabara ya vumbi yenye mawimbi hutikisa bawaba mpaka tundu la skrubu linapanuka, silikoni inaachia, na mvua ya kwanza inaingia ndani ya gari. Wengi wangependa paneli ilazwe, iachiwe upenyo wa vidole viwili chini yake ipitishe hewa, maana joto likipanda nguvu ya paneli hushuka. Tena hema likifunguliwa vibaya kivuli chake huiua paneli, iwe imeinuliwa au imelala.

Soko linaweza kukua, au likahamia kwenye chaja za lithiamu zinazotumia alteneta, kwa kuwa gari la mbugani hutembea karibu kutwa. Mfanyabiashara anawategemea wanaoteremka hadi Cape Town. Juni kule, paneli iliyolazwa hupata adhuhuri zaidi kidogo tu ya nusu, na kwa wateja hao anauza bawaba bila kujieleza.