Samli Juu ya Hariri

Nguo nyingi za hariri zinazonifikia zikiwa zimeharibika hazikuharibiwa na mafuta. Ziliharibiwa na mkono uliokimbilia maji ya moto, ukasugua kwa nguvu, kisha ukapitisha pasi ili kuona kama doa limeondoka. Mafuta yenyewe yangengoja.

Mimi ni dobi hapa Ngamiani, Tanga, na kazi yangu kubwa ni nguo za harusi: magauni ya hariri na shifoni, mitandio ya lesi, kanzu zilizodariziwa kifuani, mabuibui ya kitambaa chororo. Msimu wa harusi ukiingia, kila Jumatatu naletewa yaliyotokea Jumamosi. Biriani imedondoka pajani. Sambusa imebanwa na vidole vilivyoshika mtandio. Samli imechuruzika toka kiganjani hadi kwenye mkono wa gauni. Na manukato pia, maana mafuta ya udi na ya mawaridi ni mafuta kweli, na wengi hujipaka wakavaa papo hapo kabla ngozi haijayanywa.

Majuzi alikuja binti na gauni la hariri la dada yake, kalikunja kwenye mfuko wa plastiki.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Kimemwagika nini?”

“Biriani, mama. Nililifua usiku uleule kwa sabuni ya unga, doa likageuka jekundu. Dada hajui.”

Wekundu ule haukutoka kwenye mafuta. Ulitoka kwenye manjano. Rangi ya manjano ikikutana na sabuni kali hubadilika kuwa nyekundu iliyoiva, na mtu akiiona hudhani ameunguza nguo, akazidi kusugua. Ukiisuuza vizuri na kuweka siki kidogo kwenye maji, rangi hurudi kuwa ya njano, na njano hiyo hufifia juani kwa sababu mwanga huivunja. Lakini jua lisitangulie. Mafuta ndiyo yaliyoibeba ile rangi hadi ndani ya nyuzi, kwa hiyo mafuta yaondoke kwanza.

Kabla sijagusa doa lolote nauliza: hiki ni kitambaa gani? Muuzaji dukani anaweza kuita kila kinachong'aa hariri. Mimi nafumua uzi mmoja kutoka kwenye mshono wa ndani, naushika kwa kibano juu ya sahani na kuuchoma kwa kiberiti. Hariri hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake husagika vidoleni. Pamba hunuka karatasi iliyoungua. Poliesta huyeyuka ikabaki kidonge kigumu cheusi. Uzi mmoja unakuambia mengi kuliko lebo iliyofutika, kwa sababu vitambaa hivi havivumilii mambo yaleyale. Hariri ni protini itokayo kwa kiwavi, sufi ni protini itokayo kwa kondoo. Sabuni nyingi za unga za siku hizi zina vimeng'enya vya kumeng'enya madoa ya damu, maziwa na mayai, ambayo nayo ni protini, na vimeng'enya hivyo havijui tofauti kati ya yai na gauni. Maji ya klorini ya kung'arishia, ambayo wengi huyaita jiki, ni mabaya zaidi: huila hariri yenyewe. Poliesta haidhuriki kirahisi hivyo, ila yenyewe hupenda mafuta na kuyang'ang'ania. Ndiyo maana buibui la poliesta likishika mafuta ya nywele shingoni huwa kazi ndefu, ingawa kitambaa chake ni imara.

Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi: nguo ikilowa haina nguvu ileile. Pamba ikilowa huimarika. Hariri na sufi hudhoofika. Viskosi, kile kitambaa laini kinachoanguka vizuri mwilini, hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Kukamua blauzi ya viskosi jinsi unavyokamua khanga ni kuichana.

Gauni la yule binti nililitandika mezani juu ya taulo jeupe. Pale ambapo samli ilikuwa bado imeganda nilikwangua kwa mgongo wa kijiko, taratibu, toka pembeni kuelekea katikati ili doa lisitanuke. Kisha nikakandamiza kwa kitambaa cheupe cha pamba, nikahamia sehemu yake kavu, nikakandamiza tena. Leso ya karatasi yenye maua siitumii, rangi yake inaweza kuhamia kwenye nguo. Baada ya hapo nikamwaga poda, ile ya watoto isiyo na rangi. Unga wa muhogo uliochekechwa nao hufaa, na wanga pia. Chembe zake ni ndogo sana na ni nyingi, na mafuta hupanda juu kuzifuata. Niliiacha usiku kucha, asubuhi nikaipangusa kwa brashi laini. Poda ilikuwa imeshikana vibonge vya njano. Hapo sijatia hata tone la maji, na sehemu kubwa ya mafuta imeshatoka.

Mafuta yaliyobaki ndiyo yanayohitaji sabuni. Maji na mafuta hayashikani, lakini kila chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja hushika mafuta, nyingine hushika maji. Chembe hizo hulizunguka tone la mafuta na kulivuta litoke kwenye uzi. Kwa hariri natumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na dawa ya kung'arisha, matone machache ndani ya kikombe cha maji. Sabuni ya mche ni kali mno kwa hariri, huifanya ipoteze mng'ao. Hata hiyo ya vyombo naijaribu kwanza kwenye upindo wa ndani, nakandamiza kwa kitambaa cheupe nione kama rangi inatoka. Ikitoka, naacha.

Gauni naligeuza, upande wa nje uangalie chini, kitambaa cheupe kikiwa chini ya doa. Nagonga kwa ncha za vidole kutoka nyuma, ili mafuta yatoke kwa njia yaliyoingilia, yasivushwe tena kitambaa chote. Kusugua huvunja nyuzi za juu, na hariri iliyosuguliwa hubaki na weupe usiofutika hata doa likiisha.

Maji yasiwe baridi ya barafu. Samli na mafuta ya nazi huganda. Wa Lushoto, kule kwenye baridi, wanayajua mafuta ya nazi yanavyokuwa mawe ndani ya chupa, kwa kuwa yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi hugeuka kuwa mango. Maji ya karibu nyuzi 30 yanatosha kuyalainisha bila kuidhuru hariri. Kisha nalowesha gauni lote, maana ukilowesha kipande kimoja, maji yakikauka huacha duara pembezoni. Suuza ya mwisho ina kijiko cha siki. Silikamui: nalifunga ndani ya taulo, nabonyeza, nalitandaza kivulini.

Pasi ingoje. Doa la mafuta hujificha kitambaa kikiwa kimelowa, kwa hiyo lazima nguo ikauke kabisa na itazamwe dirishani. Joto la pasi likipita juu ya mafuta yaliyobaki, huyaingiza ndani zaidi na kuyaharakisha kuungana na hewa. Mafuta ya alizeti na ya soya ndiyo hodari kwa hilo: hewa huyageuza kuwa kitu cha njano kinachofanana na vanishi. Ndiyo sababu nguo iliyowekwa sandukuni ikionekana safi hutoka mwaka unaofuata ikiwa na madoa ambayo hakuna anayekumbuka kuyaweka.

Petroli na mafuta ya taa siyakubali nyumbani. Ni kweli huyeyusha mafuta, na madraiklina wa zamani waliyatumia, wakaunguza nayo majengo. Mvuke wa petroli hutambaa chini sakafuni hadi ukalikute jiko la mkaa chumba cha pili. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha nayo huyeyusha aseteti, kitambaa kinachopendwa kwa bitana. Unafuta doa, unabaki na tundu.

Koti lenye bitana na vitambaa vya kuligumisha ndani, mahameli, gauni lililojaa shanga za kugundishwa: hayo nayapeleka draiklina, na sioni aibu. Huko nguo hulowa vilevile, ila kwa kiyeyusho badala ya maji. Mwanzilishi mmoja wa ufundi huo anastahili kujulikana kwetu. Thomas Jennings, fundi cherehani wa New York, alipata hataza ya njia yake ya kusafisha nguo mwaka 1821, na ndiye Mwamerika Mweusi wa kwanza anayejulikana kupewa hataza Marekani. Fedha alizopata alizitumia kwenye harakati za kukomesha utumwa.

Ukiipeleka nguo, kwangu au draiklina, taja kilichomwagika na kila ulichokwisha kutia. Mimi nikijua ni manjano sitaweka sabuni kali. Nikijua umeshatia siki sitaanza upya. Na kwa kuwa doa likishapakwa poda huwa gumu kuonekana, lizungushie mishono mikubwa ya uzi mweupe wa pamba, kwa sindano nyembamba. Usilizungushie kwa kalamu ya wino, maana wino nao nitauondoa kwa malipo mengine.