TUNUNUE VIPANDE WAPI, NA VYA MFUKO UPI?

Mazao yakisha kuuzwa fedha huingia nyumbani kwa mkupuo. Nyingine zinalipa madeni, nyingine zinanunua mbegu na mbolea. Je, zile zinazobaki tuziweke wapi? Chini ya godoro kuna panya, moto na wezi. Benki ni mahali salama, lakini riba ya mtu binafsi hukatwa kodi ya asilimia 10. Ukipata riba ya shilingi 50,000, mkononi unapokea 45,000.

Ipo njia nyingine. Ni kununua vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Faida anayogawiwa mwenye vipande haikatwi kodi hiyo.

Kipande ni nini?

Tuchukue mfano wa ng'ombe. Peke yako huna fedha ya kumnunua. Mkichanga watu kumi mnampata, mnamkabidhi mchungaji, na maziwa mnagawana. Mchungaji naye hulipwa ujira wake.

Mfuko ni hivyo hivyo. Watu wengi wanachanga. Meneja ananunua hisa za makampuni na hati fungani za serikali, au anaweka fedha benki. Kila mtu anapata vipande kulingana na fedha yake.

Tuseme una shilingi 100,000 na kipande kimoja ni shilingi 500. Unapata vipande 200. Bei ikipanda hadi 540, mali yako ni shilingi 108,000. Ikishuka hadi 470, ni shilingi 94,000. Kwa hiyo hasara nayo ipo, tusidanganyane.

Tununue wapi?

Hapa Tanzania chombo cha serikali cha kazi hii ni UTT AMIS. Mfuko wa kwanza, uitwao Umoja, ulianza mwaka 2005. Siku hizi yapo na makampuni mengine. Kabla ya kutoa fedha tuulize mambo matatu.

Kwanza, je, mfuko una kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana? Kama hauna, rudi nyumbani na fedha yako. Tukumbuke upatu wa DECI, ambao serikali iliusimamisha mwaka 2009. Watu "walipanda" fedha wakiahidiwa kuvuna nyingi zaidi. Kumbe waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliokuja nyuma. Meneja wa kweli hakuahidi kwamba fedha yako itazaa mara mbili.

Pili, makato ni kiasi gani? Uliza ada ya kuingia, ya kutoka na ya uendeshaji. Uliza pia gharama ya kutuma kwa simu. Ukituma fedha kidogo kidogo kila wiki, gharama hizo zinaweza kula faida yote.

Tatu, fedha inakwenda wapi? Ilipwe kwa benki au simu, iingie moja kwa moja katika akaunti ya mfuko. Usimpe mtu mkononi, hata akiwa shemeji yako. Kisha dai taarifa yenye jina lako na idadi ya vipande. Isome mwenyewe. Namba ya siri usimwambie mtu.

Mfuko upi?

Jiulize: fedha hii nitaihitaji lini?

Kama ni baada ya miezi michache, mfuko wa Ukwasi unafaa. Haununui hisa, na hauna ada ya kuingia wala ya kutoka.

Kama unaweza kungoja zaidi, upo mfuko wa Hati Fungani. Fedha yake kubwa hukopeshwa serikali na makampuni.

Kama ni ya miaka mingi, upo Umoja, unaochanganya hisa na hati fungani. Bei yake inaweza kuyumba, lakini anayengoja ana nafasi ya kuona ikipanda tena. Upo pia mfuko wa Watoto, kwa ajili ya mtoto aliye chini ya miaka 18.

Basi, karo ya Januari isiende kwenye hisa. Na fedha ya chakula na dawa isiguswe kabisa.

Tujadili katika kikundi

1. Upatu kama DECI na mfuko wenye kibali vinatofautianaje?
2. Kipande ni shilingi 400. Ukiwa na shilingi 60,000 utapata vipande vingapi?
3. Katika nyumba yako, ni fedha ipi inayoweza kungoja miaka mitatu?