"Hana" Si "Hatuna"

Mke wangu alipokuwa mjamzito, alipimwa kliniki akaambiwa hana virusi vya UKIMWI. Aliponiletea habari hiyo, nami nikajitangazia: "Hatuna." Naona haya kukiri, msomaji, kwamba mtu anayelipwa mshahara kwa kufundisha viambishi aligeuza umoja kuwa wingi bila ushahidi. Damu iliyopimwa ilikuwa yake, si yangu.

Wapo wenzi waliolala kitanda kimoja miaka mingi, mmoja ana virusi na mwingine hana. Mke akirudi peke yake na habari nzito, mara nyingi yeye aliyetangulia kupimwa ndiye huitwa mleta maradhi. Wakiyapokea majibu pamoja mbele ya mshauri, kila mmoja hujua lake na la mwenzake kwa wakati mmoja. Tena dawa zipo: utafiti uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mwenye virusi akianza kuzimeza mapema, hatari ya kumwambukiza mwenzake hupungua kwa asilimia 96.

Hatimaye tulikwenda sote wawili. Pale kwenye benchi mke wangu aliniuliza kwa nini nimenyamaza, mimi msemaji wa nyumba. Sikuwa na la kusema kabla ya kuitwa.