Unasomea ualimu wa kilimo? Usingoje TP ndipo uone darasa

Komredi, hebu jiulize: mara ya mwisho kuketi katika darasa la shule ya upili ilikuwa lini? Kwa wengi wenu, ni mwaka ule wa KCSE.

Kwa kawaida mazoezi ya kufundisha, ile TP mnayoiogopa, huja baada ya kumeza nadharia kwa miaka kadhaa. Karo imeshalipwa, HELB inakusubiri. Ukigundua wakati huo kwamba darasa la wanafunzi 50 linakutoa jasho, kurudi nyuma ni noma.

Basi ingia mapema. Likizo ikifika, omba barua idarani kwako, nenda shule iliyo karibu na mtaa wenu umwone mwalimu mkuu. Mwambie hutaki kufundisha, unataka kutazama tu. Akikubali, kaa nyuma ya darasa, zima simu, toa daftari.

Utazame nini? Usimkodolee mwalimu macho; watazame wanafunzi. Kipindi cha kilimo kikihamia shambani na majembe ni 10, wale 40 waliobaki wanafanya nini? Mwalimu mzoefu atakuwa amewagawa: hawa walime, wale wapime nafasi kati ya miche, wengine waandike rekodi. Asiye na mpango atageuka polisi wa kufukuzana na watoro.

Na kama shule ya mjini haina shamba? Angalia anavyojipanga. Chupa ya plastiki, udongo na maji vinatosha: tikisa, acha itulie. Mchanga hushuka kwanza, chembe ndogo zaidi hufuata, mfinyanzi huja mwisho. Somo la aina za udongo limeeleweka bila jembe. Sukumawiki nayo humea vizuri tu kwenye gunia.

Haya si ya kupuuza. Mtahiniwa wa kilimo katika KCSE hufanya mradi wake mwenyewe, mbali na karatasi mbili za maandishi. Mtaala wa umilisi nao, ulioingia sekondari msingi mwaka wa 2023, unataka mtoto atende, si kukariri tu. Mwalimu anayeogopa kushika udongo, wanafunzi watamjua wiki ya kwanza. Tena usishtuke mmoja wao akikushinda kukama ng'ombe. Mpe nafasi awaonyeshe wenzake.

Ukitoka hapo, andika mambo matatu: kilichowaamsha wanafunzi, kilichowalaza, na ambacho wewe ungefanya tofauti. Siku ya TP yako, daftari hilo litakufaa kuliko noti nyingi.

Je, ukigundua darasa si lako? Poa, bado kuna njia. Pale Egerton, Njoro, kwa mfano, kuna shahada inayounganisha ualimu wa kilimo na ugani, kwa hivyo unaweza kuwafunza wakulima nyanjani. Lakini hilo heri ulijue ukiwa mwaka wa kwanza, ungali na muda wa kuchagua.