Injini Inapogonga: Kusoma Mlio wa Gari Lililotumika

Neno kunoki, ambalo katika gereji za Afrika Mashariki hutumiwa kwa kila injini inayogonga, limebeba maana mbili zisizofanana kisayansi, kwa kuwa upo mgongano wa vyuma vilivyolegea kwa kuchakaa, na upo mlio unaotokana na jinsi petroli inavyoungua ndani ya silinda. Mwenye gari asiyetenganisha mawili haya huweza kufunguliwa injini nzima kwa tatizo ambalo lingemalizwa na petroli bora, au, baya zaidi, akaendelea kubadilisha petroli huku krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, ikisagika.

Mlio wa petroli hutokea pale ambapo mchanganyiko wa hewa na mafuta, badala ya kuungua kwa utaratibu kuanzia kwenye cheche ya plagi, hujilipukia wenyewe pembeni mwa silinda kwa wingi wa joto na shinikizo, ukatoa sauti kali kama ya kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, hasa gari linapopanda mlima na mzigo. Uwezo wa petroli kuhimili hali hiyo huitwa oktani. Mwaka 1921 watafiti wa General Motors nchini Marekani, akiwamo Thomas Midgley, waligundua kwamba kemikali yenye madini ya risasi huuzuia mlio huo, na sumu hiyo ikaendelea kuchomwa barabarani hadi mwaka 2021, Algeria ilipokuwa nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa ajili ya magari.

Kugonga kwa vyuma ndiko kunakostahili hofu. Kati ya krenki na konrodi, yaani mkono unaoiunganisha krenki na pistoni, huwekwa beringi nyembamba ya madini laini, na kati ya beringi na krenki hubaki nafasi ambayo katika magari mengi madogo ni takriban milimita 0.02 hadi 0.05, inayojazwa na utando wa oili ili vyuma visigusane. Oili ikipungua au ikichafuka utando huo hukatika, beringi hulika, nafasi hupanuka, na kila mlipuko unapoisukuma pistoni chini, konrodi huvuka uwazi huo na kuipiga krenki kwa mlio mzito wa chini.

Joto na mwendo wa mlio husema mengi kuliko mahali unaposikika, kwa maana chuma husafirisha sauti mbali na chanzo chake. Pistoni iliyolegea hugonga asubuhi na kunyamaza injini ikipata moto, kwa kuwa alumini yake hutanuka karibu maradufu ya chuma cha kalibu cha silinda. Beringi iliyolika, kinyume chake, huzidi kelele kadiri oili inavyopata moto na kuwa nyepesi. Aidha, kamshafti, inayofungua vali, huzunguka kwa nusu ya kasi ya krenki, hivyo injini inayozunguka mara 800 kwa dakika hutoa karibu mapigo 13 kwa sekunde yakitoka kwenye krenki, lakini yasiyofika 7 kwa vali moja yenye tapeti iliyolegea, ambayo hulia kwa wepesi kama cherehani.

Fundi makini hukagua kwanza vitu rahisi, kama puli, maunti za injini na ekzosi inayovuja, kisha huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bloku na mpini wake sikioni, huku akizima silinda moja baada ya nyingine kwa kuchomoa soketi ya nozeli yake. Mlio ukififia silinda ya tatu inapozimwa, konrodi ya tatu imejitaja, kwa kuwa imekosa mlipuko wa kuisukuma.

Wapo wauzaji wanaomwaga oili nzito ili mlio upoe kwa siku chache, na huo ni udanganyifu unaoweza kumgharimu mnunuzi injini nzima. Lakini oili nzito haifuti ushahidi. Filta ikikatwa na karatasi yake kukunjuliwa juani, chembe za beringi hung'aa kama magamba madogo ya dagaa, na zikiwa na rangi ya shaba, tabaka la juu limekwisha kulika, hivyo krenki haina budi kutolewa, kupimwa kwa maikromita, na ikiwa bado inafaa, kuchongwa na kufungwa beringi nene zaidi.